Wimbo wa Sabuni Katonga

Mjukuu wangu Neema,

Amani ya Bwana iwe nawe. U mzima huko Dar es Salaam? Hapa Katubuka tunamshukuru Mungu. Babu yako bado anakohoa, nami nimechoka tu, mwili hautaki.

Unasema utaacha kazi ya matangazo, maana wewe unawasikiliza wateja halafu mtunzi wa matangazo hasomi unachomwandikia. Pole, mama.

Ujanani nilitangaza sabuni ya mawese na rafiki yangu Zubeda. Mimi nilizungumza na wanawake wanaoanika dagaa ufukweni Katonga, yeye akatunga wimbo. Akaimba kwamba sabuni inanukia. Wakamcheka: "Dada, itutoe shombo la dagaa kwanza!"

Zubeda akanigeukia. "Si uliongea nao wewe?"

"Nilikwambia."

"Uliniambia mambo chungu nzima! Niimbe lipi?"

Basi nikamsimulia habari za mama mmoja tu, ambaye kanisani wenzake walikuwa wanahama benchi kwa sababu ya shombo. Zubeda akakaa mchangani, akaniuliza huyo mama hufanya nini wakihama. Nikamjibu, wimbo ukatoka palepale, na safari hii hakuna aliyecheka.

Kabla hujaacha kazi, msimulie mtunzi wako habari za mteja mmoja tu. Nijibu upesi, uniambie alikuuliza nini.

Bibi yako