Anko na Mlango wa Mbele

Sasa Atieno dada yangu,

Hapa Gatwekera, Kibera, tuko wazima, matope tu ndiyo inatusumbua. Geuza hii kadi uone picha. Hiyo nyumba refu ya mviringo ndiyo Anko alikuwa anabebea simiti ikijengwa, ule wakati akija nyumbani mikono imepasuka. Tangu ifunguliwe hajawahi kurudi. Wiki mzima nimembembeleza twende Jumapili tupande mpaka juu, na yeye ni kusema, "Askari watanifukuza." Mwisho akakubali, lakini safari akapanga mwenyewe: tutoke asubuhi mapema, tufuate reli, tubebe chai kwa chupa, kama siku za kazi.

Kufika, akanipeleka nyuma, kwa geti yao ya vibarua. Geti hakuna. Ni ukuta na maua. Akasimama hapo na koti yake ya kanisa, nikaona anataka turudi.

Askari akaja. "Mzee, unatafuta nini?"

"Mlango."

"Mlango si iko mbele."

"Mbele sijawahi pita."

"Basi leo utapita. Kuja."

Na huyo askari akamfungulia mlango yeye mwenyewe. Huko juu upepo ni kama ya ziwa. Anko akatafuta Kibera mpaka akaona mabati, akanionyesha kama mtu anaonyesha shamba yake. Chai tulikunywa hapo hapo.

Salimia Mama sana, mwambie ndugu yake amepita mbele. Shule ikifunga kuja tukupeleke. Mlango sasa Anko anaijua.

Ni mimi, Ochieng