Jiwe la Mjane Liko Mlangoni pa Bafu Langu

Mshauri wangu mpendwa,

Kabla sijaomba msaada wako ni vizuri ujue unaongea na mtu mwenye bahati, maana wengi wanaokuandikia ni watu waliokanyaga mwiba asubuhi wakalia mpaka jioni, mimi simo, mimi bahati ilinitangulia duniani ikanisubiri mlangoni, shule niliiacha kabla haijaniacha lakini salamu nazijua kwa lugha saba, nabeba mizigo katika hoteli ya ufukweni mwaka wa kumi na moja huu na mgongo wangu haujawahi kulalamika, mke ninaye tena fundi wa kushona, na nyumbani kwangu nina mawe mia mbili na kumi yenye laana na hakuna hata moja lililoniletea mafua.

Hayo mawe ndiyo yamenishikisha kalamu. Wageni wetu, Mshauri, ni watu wa ajabu, ukimpa mgeni taulo la hoteli analirudisha, ukimpa bahari anataka kuondoka na kipande, mimi ndiye ninayebeba mabegi kwa hiyo usinibishie, begi la mtu aliyekuja na kaptula mbili linatoka zito kama amemfunga mkwewe ndani, ukimuuliza anasema ni vitabu, vitabu gani vinavyomwaga mchanga ngazi nzima? Basi wanakwenda nao kwao, wanautia kwenye chupa, chupa inapanda juu ya kabati, halafu siku gari likigoma kuwaka au mchumba akiondoka wanaitazama ile chupa wanasema, ni huu mchanga. Wanaturudishia kwa posta. Mchanga ndani ya soksi, mchanga ndani ya kopo la dawa, jiwe limeviringishwa pamba kama yai, na barua juu yake: tusameheni, tangu tulichukue paka wetu amekufa na mimi nimevunjika mkono mara mbili, tafadhali lirudisheni pale pale tulipolitoa, hatua arobaini kushoto mwa mwamba unaofanana na ngamia.

Meneja alinitazama akasema, "Wewe mwenye maneno mengi, hii kazi yako. Rudisha, kisha mjibu kila mmoja kwa kadi." Mawe matatu ya kwanza niliyarudisha, Mungu shahidi. La nne mvua ilinyesha. La tano nikasema nitayapeleka yote kwa pamoja, nikayatia mfukoni nikaenda nayo nyumbani, na nyumbani kwangu kutoka mlango wa uani mpaka bafuni palikuwa tope tupu, mke wangu alikuwa anaoga anarudi mchafu kuliko alivyokwenda, sasa unajua tena mkono wa mwanaume mwenye mapenzi, nikaanza kupanga moja moja, ule mchanga wa soksini nikauchanganya na saruji, nikapata kinjia ambacho hata meneja kwake hana.

Kadi niliziandika zote. Hapo sijui nimerithi kwa nani, nikishika kalamu maneno yanakuja yenyewe. Na hapo ndipo nilipojikwaa.

Mjane mmoja alitutumia kwa posta jiwe jeusi, kubwa kama mkate, lina mstari mweupe umelizunguka kama mshipi. Walilichukua yeye na marehemu mumewe walipokuja fungate, miaka thelathini na nane lilizuia mlango wa chumba chao usijibamize kwa upepo, na mzee alipokuwa anaaga dunia akasema, lile jiwe si letu, lirudishe chini ya mwamba wa ngamia. Nikamjibu kwamba nimelilaza pale pale, mawimbi yakaja taratibu yakaligusa, na ndege mweupe akatua juu yake, nami nikavua kofia. Yule ndege, Mshauri, nilimwongeza tu kwa sababu kadi ilikuwa imebaki nafasi. Sasa mama ameandika tena. Anasema kadi ameisoma mpaka imechakaa, amekata tiketi, Jumamosi ya wiki ijayo anakuja nimpeleke akalione jiwe la mumewe, na kama ndege yupo amwone na ndege.

Jiwe liko mlangoni pa bafu langu. Nalikanyaga kila asubuhi nikiwa na taulo begani. Na pale mahali penyewe hapapo tena, ule mwamba wa ngamia na mchanga wote wa chini yake hoteli imevichota kwa malori, vimo ndani ya kuta za jengo jipya. Rafiki yangu, fundi wa kupaka rangi hapo kazini, ananiambia, "Acha ujinga wewe, okota jiwe lolote jeusi nikuchoree mstari, bibi wa watu macho yenyewe yameshachoka." Ningemuuliza mke wangu lakini yupo kwa dada yake, ameenda kumsalimia tu, amekwenda na cherehani yake asije akakaa bure. Basi niambie, nichore jiwe au nivunje kinjia changu kizuri?

Ni mimi,
Balozi wa Mawe

MSHAURI ANAJIBU

Balozi, nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikaisoma barua yako mara ya pili, sikucheka.

Tuanze na wageni wako usije ukasema nimekuonea. Kweli ni watu wa ajabu. Mtu anatoka mwisho wa dunia aje kuona ufukwe, akiuona anautia soksini. Wakiendelea hivyo, watakaokuja nyuma yao utawatandikia mataulo kwenye tope. Na hiyo laana yao sitaki kuisikia: paka hufa, gari hugoma, mkono huvunjika, hata kwa mtu ambaye bahari ameiona kwenye kalenda tu. Lakini mwizi amekirudisha alichoiba, kwa gharama ya posta na kwa barua aliyoiandika huku uso umemshuka. Wewe kati ya yote umerudisha mangapi? Matatu! Watu mia mbili na ushei wametubu, na toba yao umeitia saruji, unaikanyaga ukienda kujisugua mgongo.

Huyo meneja naye simwachi. Mgeni akichota kiganja kimoja tunamwita mwizi, lori likichota ufukwe mzima linafunguliwa geti na mlinzi anapiga saluti. Malori si yako, najua. Ila uliyaona yakipita, na bado ukamwandikia mama wa watu "pale pale".

Sasa hiyo rangi. Usithubutu! Yule mama ameishi na lile jiwe miaka thelathini na nane, analijua kwa kidole cha mguu. Huwezi kumchorea mtu jiwe alilojikwaa nalo ndoa nzima. Mwambie rafiki yako apake kuta, ndiyo kazi aliyoajiriwa.

Chukua nyundo na tindo leo, usingoje Ijumaa. Wala hutatoka jasho: saruji iliyochanganywa na mchanga wa baharini haishiki vizuri, ina chumvi, fundi yeyote angekwambia kama ungemwacha aseme, na naapa kinjia chako kizuri kina nyufa ambazo hukuziandika. Litoe, lioshe. Jumamosi usimpokee kwa lile tabasamu la mlangoni. Mpe kiti, mpe jiwe mkononi, halafu umwambie kwa lugha yoyote katika zile saba: mama, sikulirudisha, nilidanganya, ndege hakuwepo. Atalia, au atakupiga nalo, na vyote viwili ni haki yake. Kisha mpeleke akaone shimo la malori kwa macho yake. Atakalotaka kulifanya jiwe ataamua mwenyewe, wewe funga mdomo ubebe begi. Yale mengine yarudishe baharini, mfuko mmoja kila asubuhi ukienda kazini, mpaka liishe la mwisho. Na tope la bafuni likirudi, lipokee, ni lako.

La mwisho. Barua za watu nimezisoma miaka mingi, Balozi. Hakuna mwanamke anayekwenda kumsalimia dada yake na cherehani. Fanya niliyokwambia, kisha uniandikie ukweli.

BALOZI AKAANDIKA TENA

Mshauri,

Jiwe lilitoka kwa kijiko. Tindo nilimrudishia jirani hata sikuitumia.

Jumamosi mama alikuja, kamwili kadogo, kofia kubwa. Nilimwambia yote nimesimama. Akalipapasa ule mstari muda mrefu, halafu akasema, "Ndege nilimtilia shaka tangu siku ya kwanza. Ila nilimpenda." Nikampeleka kwenye shimo. Hakulia. Akaniuliza mawe mengine ya hapa yamekwenda wapi, nikamwonyesha jengo jipya. Akaingia moja kwa moja mpaka ukumbini, meneja anamkimbilia nyuma na karanga za kumkaribisha, akainama akaliweka jiwe sakafuni, likazuia ule mlango mkubwa wa vioo. Akasema, "Ndugu zake wote wamo humu ukutani. Asilitoe mtu." Meneja akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Mawe yamebaki mia moja tisini na nne. Nimetegua kifundo cha mguu kwenye shimo la mlangoni pa bafu.

Mke wangu ana miezi mitatu kwa dada yake. Aliikuta ile kadi ya mjane mezani kabla sijaipeleka posta, akaisoma mpaka kwenye ndege, akaniuliza, "Kama mtu usiyemjua unamdanganya vizuri hivi, mimi umenidanganya mangapi?" Mimi nikacheka. Akainua cherehani. Jana nimemwandikia, mistari miwili tu, sikuongeza kitu. Hajajibu.

Niliandika kwamba mimi ni mtu mwenye bahati. Ulikuwa uongo.