Mirija Isiyozimika

Jumatatu, 4 Machi

Hili sijamwambia mtu: namwombea kaka yangu aaibike. Hadharani! Mama akiwepo.

Ile modeli ya maonyesho ya sayansi ni yangu. Mimi ndiye niliyesoma kuhusu transista, yaani vijiswichi vya umeme, za mirija ya kaboni – myembamba kuliko unywele mara maelfu – ambazo huenda siku moja zikachukua kazi ya silikoni kwenye chipu na kula umeme kidogo. Mimi ndiye niliyekata mirija ya soda, nikaunga swichi na taa sita, kila mrija taa yake. Mwalimu wa fizikia akasema sauti yangu haifiki dawati la pili, basi kaka aniwakilishe. Sawa. Leo nimeliona bango. Jina lake tu! Langu limebandikwa karatasi juu.

Nikamuuliza. Akacheka: "Wewe mdogo wangu, hata 'nipo' inakushinda darasani. Nakusitiri." Mama naye: mwache Profesa wetu ang'are.

Mshindi anakwenda kambi ya wahandisi. Angekwenda nani? Mimi!

Jumatano, 6 Machi

Kaka kaja na bisibisi. Eti taa mbili hazizimiki, nimeunga vibaya.

Niliziunga hivyo makusudi! Mirija ya kaboni ikitengenezwa hutoka imechanganyika. Mingi hutii swichi. Mingine ni ya metali, ni kama waya tu, umeme unapita ukitaka usitake. Kuichambua hiyo ndiko kunakowatoa jasho wahandisi. Zile taa mbili ndizo mirija hiyo, ndiyo kazi yangu nzima!

Nilitaka kumweleza. Nikalikumbuka lile bango.

"Haya, rekebisha, kaka," nikasema. Kwa adabu zote. Nikamshikia na tochi.

Sasa zote sita zinazimika. Safi kabisa.

Alhamisi, 7 Machi

Mazoezi sebuleni. "Silikoni, kwaheri! Kila mrija unatii!" Mama makofi, vigelegele. Mwalimu kapiga simu: jaji mkuu ni mama mmoja mhandisi wa chipu, mkali, anauliza mpaka mtu anasahau jina lake.

Nikaongeza chakula. Sijala hivi siku nyingi.

Ijumaa, 8 Machi

Maonyesho kesho. Nimepiga pasi sare yangu na YAKE. Mama kasema nina roho nzuri. Ha!

Namwona tayari: jaji anauliza, "Na ile mirija isiyozimika umeifanyaje?" Kaka anazitazama taa zake sita. Kimya. Kwa Kiingereza kimya, kwa Kiswahili kimya. Aonje, hata dakika moja, ninavyoishi mimi kila siku.

Ila mchana huu kachukua kitabu changu cha transista. Hajawahi kukigusa. Yuko mezani muda mrefu, hacheki.

Ananiita. "Mdogo wangu! Hebu... hii mirija ya metali ni ipi?" Sauti imekonda. Hajawahi kuniuliza kitu maishani.

Sijaitika. Anakuja – kandambili zake hizo, kwenye korido. Nikimwambia, usiku mmoja unamtosha kurudisha zile waya. Nisipomwambia –

Naficha karatasi hii chini ya godoro. Nakaza uso, usicheke, usicheke – kashika kitasa