Mwasumini Kwenye Shamba la Yusta

Murungu, Kibondo
Oktoba 2013

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima, nikitumai presha imetulia na miguu haikusumbui tena. Sisi tu wazima wa mwili. Mkweo Saady anakusalimu, duka lake la Kibondo mjini linakwenda. Moyoni mwangu ndimo hamna heri, na huku sina wa kumwambia.

Vile vipandikizi vya mwasumini ulivyonipa likizo ya mwaka jana vilifika hai. Ila ua wa nyumba ya walimu ni changarawe tupu na kivuli kutwa, vikaanza kunyauka. Jirani yetu Yusta, mjane wa makamo yako, akanionea huruma, akaniazima pembe ya shamba lake la maharage penye jua. Nikavipanda kwa samadi, nikavikinga na majani ya mgomba baridi ya Juni ilipoingia. Mama, vilichanua! Yusta aliweka ua sikioni akacheka kama msichana.

Sikujua jambo ambalo huku hata watoto wanalijua: aliyeazimwa ardhi hupanda cha msimu tu, akavuna, akaondoka. Anayepanda kinachodumu anaweka alama kwamba ardhi ni yake. Yusta naye hakuwaza, maana kwake yale yalikuwa maua tu, si mti. Lakini Castory, shemeji yake mkubwa, aliushika ule mwasumini shinani akasema mjane ameuza ardhi ya ukoo kwa watu wa kuja.

Tukaitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Niliapa kwamba sikununua kitu. Castory akaniuliza, kwa upole kabisa, kama sikununua, kwa nini nilipanda kitu cha kukaa miaka? Siku hiyohiyo nikaung'oa wote kwa mikono yangu, mizizi na vyote. Haikusaidia. Watu wa ukoo walisema aliyeuza pembe atauza na lililobaki, wakamnyang'anya Yusta shamba na nyumba.

Sasa nakwambia lile ninaloona aibu kuliandika. Castory na ndugu zake wameliuza shamba lile, na aliyenunua ni Saady. Alinunua bila kuniambia, akanijia amechangamka, ati sasa nitapanda maua nitakavyo. Nimelia, nimegomba, nimemsihi amrudishie Yusta. Anasema asingenunua yeye angenunua mwingine. Msingi wa nyumba yetu umeshachimbwa.

Jumamosi Yusta alipita na wanawe, mizigo kichwani, wakirudi kwao Munanila. Nilikimbilia njiani nimweleze. Hakunipa nafasi. Alitua mzigo, akapiga goti, akaniambia shikamoo, mama mwenye nyumba. Mwanamke wa makamo yako, Mama, aniamkie mimi! Na mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikaitikia marahaba.

Nisalimie bibi na majirani wote wa Pangani. Niombee dua, maana mimi mwenyewe nashindwa kuomba.

Mwanao,
Zuhra