Mke wa Pili na Ubatizo wa Baba

Mbukwa, nakusalimu kwa Kigogo chetu, mjukuu wangu Daudi. Shikamoo yako imenifikia hapa Gulwe, nami naipokea, marahaba. Mtama umekauka kabla ya kutoa masuke, lakini shangazi yako wa Nkuhungu amejifungua salama.

Unasema huko chuo cha uchungaji mnabishana kipi kina neno la mwisho, Maandiko au mapokeo ya kanisa.

Mama yangu alikuwa mke wa pili. Ndiye aliyeanza kusali, akamvuta baba. Baba alipoomba ubatizo, mchungaji akasema kanisa limepokea hivi tangu zamani: abaki na mke wa kwanza tu. Mama akauliza imeandikwa wapi. Mchungaji akamsomea jinsi Ibrahimu alivyomtoa Hajiri na mwanawe nyumbani na mkate na kiriba cha maji.

"Endelea," mama akasema.

Akaendelea, mpaka pale Mungu alipomsikia mtoto akilia nyikani, akamwonyesha Hajiri kisima. Mchungaji akafuta machozi, maana hakuwa mtu mbaya. Kisha akafunga kitabu, akasema utaratibu ni utaratibu. Baba alikuwa anatazama miguu yake.

Basi usiniulize mimi kipi kiko juu. Siku ile vyote viwili vilikaa meza moja, na mama akaambiwa afunge mizigo.

Kanzu nyeupe aliyobatiziwa baba Jumapili, mama aliifua Ijumaa, akaianika, kisha akanishika mkono tukaondoka.

Bibi yako,
mtoto wa yule mke wa pili.