Bia ya Chungwa Iliyowafukuza Wakwe

Bibi Waisiko mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisaidie na tafadhali usinicheke, maana hapa nyumbani wameshanicheka mpaka wamechoka. Mimi naitwa Machage, ni kijana wa Gorong'a, na kwa miaka mingi nilikuwa jikoni kwenye kambi moja ya watalii upande wa Mugumu, na huko mpishi mkuu, Mzungu mmoja mpole, alikuwa anajipikia bia yake mwenyewe, bia inanukia chungwa na hakuna chungwa hata moja lililotiwa, ni hopsi tu, yaani maua fulani makavu ya kwao yaliyosagwa yakashindiliwa yakawa vidonge vya kijani kama chakula cha sungura, na kila aina ina harufu yake, basi mimi nikawa namwangalia anavyofanya, nikasema hii kazi nimeshaijua.

Sasa Bibi, nina mchumba, Jenipha, binti wa Mzee Wangwe wa Nyangoto, tunapendana kweli, na mwezi uliopita wazee wao walikuja kwetu kunywa pombe ili mazungumzo ya ng'ombe yafunguliwe, na unajua kwetu pombe hiyo, amarwa, hupikwa na mama wa kijana, kwa hiyo mama yangu Bernadetha alishaanza kuotesha ulezi wa kimea, nikamwambia mama pumzika, hiyo amarwa yako ni uji uliochacha, wakwe nitawapikia mimi kitu cha kisasa, na mama akauanua ulezi wake akawamwagia kuku.

Nikaagiza hopsi Nairobi, zikaja kwa basi mpaka Sirari, aina tatu: Sitra, ambayo pakiti inasema ina harufu ya balungi na ndimu, Amarilo ya chungwa, na Kaskedi ya balungi na maua, nikashindwa kuchagua nikatia zote, na ni kweli yule mpishi alikuwa anatia nyingi mwishoni, moto umeshazimwa, lakini mimi nikaona huo ni uharibifu, kitu kimetoka mbali hivyo ukitie mwishoni kitakolea saa ngapi, nikatia zote mwanzoni nikachemsha saa nzima kama tunavyochemsha mizizi ya dawa ili nguvu itoke, na jiko lilinukia chungwa mpaka majirani wakaja kuchungulia, ila ilipoiva nikaonja, chungwa silioni, uchungu mtupu, basi nikakamua machungwa ndoo nzima nikamiminia humo, ikachacha upya ikawa kali, nikasema potelea mbali, wazee hawatajua.

Bibi, Mzee Wangwe alivuta mrija wa chunguni mara moja tu akauachia, akamgeukia baba yangu mdogo Simioni, ambaye ndiye mshenga wetu, akamuuliza, "Simioni, josho la ng'ombe limehamia hapa kwenu?" na wazee wenzake wakaangua kicheko, halafu akauliza taratibu, "Mama wa mji huu yuko hai?" Simioni akasema yuko hai, yuko jikoni. Mzee akasema, "Basi siku akipika mtuite," wakachukua fimbo zao wakaondoka, na ng'ombe hawakutajwa.

Jenipha kanipigia simu analia, anasema baba yake anatusubiri mara moja hii tu, tena kuna mchimbaji mmoja kutoka Shinyanga, anaitwa Mabula, ameshaanza kupeleka salamu pale nyumbani kwao, na mama yangu nikimsemesha lolote ananijibu, "Kamuulize Mzungu wako." Kwa hiyo Bibi, nishauri, katika hopsi hizi tatu nichague ipi ili safari hii chungwa litokee na baba mkwe akubali?

Wako niliyekosa usingizi,
Machage

*

Machage,

Marahaba. Nimekucheka. Ulisema nisicheke na nikajitahidi, lakini ulipofika kwenye josho miwani ilinidondoka, nikaomba nisomewe tena ili nicheke nikiwa nimekaa vizuri.

Mimi shule niliishia darasa la pili na hiyo hopsi sijawahi kuitia machoni. Sufuria nazijua lakini, na watu wenye kiburi nawajua zaidi, kwa sababu na mimi ni mmoja wao. Tuanze na hopsi, maana nikianza na kitu cha maana wewe mtu wa kisasa unaweza kuzimia.

Ulikuwa na mwalimu. Mtu wa kwao hopsi, aliyezaliwa akaikuta, alikuonyesha kwa macho yako kwamba hiyo ya harufu inatiwa mwishoni, moto umezimwa. Wewe wa Gorong'a ukaona amekosea, ukamrekebisha. Hongera, mura, kijana wangu! Sasa niambie, mchaichai ukiuchemsha saa nzima, kinachonukia ni chai au ni jiko? Umeandika mwenyewe kwamba jiko lilinukia mpaka majirani wakaja kuchungulia. Halafu unaniuliza mimi chungwa limekwenda wapi. Majirani wamelinusa, wakaondoka nalo! Kwenye sufuria umebakiwa na uchungu. Ulichemsha kama dawa, ukapata dawa, na Mzee Wangwe ana ulimi mzuri sana, amekutajia mpaka dawa yenyewe ni ya mnyama gani.

Na hiyo ndoo ya machungwa nani alikutuma? Harufu ya chungwa iko kwenye ganda. Ndani ni sukari na ukali, basi, na chachu ikiona sukari inaila yote inakuachia ukali uje kuula wewe na wakwe zako. Kuku wa mama yako siku ile walipata ulezi mzuri. Wazee wa Nyangoto wakapata josho. Hapo nani alikuwa mgeni?

Unataka chungwa? Chukua Amarilo, si umesema pakiti yake imeandikwa chungwa? Au ulitaka nije na miwani nikusomee? Sitra yenye balungi na ndimu iweke kando, utaichezea siku nyingine ukiwa huna mgeni. Na pakiti usiiamini yenyewe tu, watu wa pakiti wanauza. Ponda kidonge kimoja kiganjani, sugua, nusa. Kikinuka chungwa, twende. Kikinuka majani makavu ya darini, kimechoka, kitupe hata kama kimetoka mbinguni kwa basi. Kaskedi tia kidogo mwanzoni, iwe ya uchungu tu, kwa sababu bia isiyo na uchungu ni uji wa sukari. Amarilo isubiri mpaka sufuria imeshuka motoni, utie, ufunike, uache ipoe. Ukiona harufu bado ni ndogo, ongeza nyingine bia ikishatulia kuchacha, iache humo siku chache ndipo uchuje. Zote tatu kwa pamoja usitie tena. Ukichanganya kila kinachonukia, mnywaji hajui ananusa nini.

Haya, hopsi imekwisha. Umefurahi? Basi sikia, huyo baba mkwe hatakubali bia hiyo hata ikinukia shamba zima la machungwa.

Wewe unadhani mzee mzima ametoka Nyangoto na fimbo yake kuja kutafuta chungwa? Machungwa yamejaa soko la Tarime, yanaoza. Alikuja kuonja mkono wa mwanamke atakayekaa na binti yake. Akivuta ule mrija anajua kama ulezi ulioteshwa kwa subira, kama chungu kilioshwa, kama aliyepika ana kinyongo au hana. Ndiyo kazi ya pombe ile, na ndiyo sababu hupikwa na mama, siyo kwa kuwa wewe huna mikono. Alipouliza kama mama wa mji yuko hai wewe ulisikia matusi. Mimi nimesikia baba mwenye hofu. Anajiuliza, kama kijana huyu amemnyamazisha mama yake mzazi siku ya wakwe, Jenipha wangu akishazeeka ataitwa uji gani?

Na mimi nakuuliza swali hilohilo. Uji uliochacha! Amarwa ile ndiyo iliyompatia baba yako mke, ndiyo iliyolima shamba lenu watu walipokuja kusaidia, ndiyo iliyokaa na waombolezaji mlipofiwa. Wewe umekaa jikoni kwa watalii umerudi na pua mpya.

Sasa fanya hivi, na usiongeze la kwako, tumeshaona unachoongezaga.

Nenda kwa mama yako, lakini usitangulize mdomo. Tanguliza ulezi safi, uliopepetwa, na mtama wa kutosha, na kuni kavu uzipasue mwenyewe uwanjani mahali ambapo majirani wataona, si wanapenda kuchungulia? Msalimie vizuri, kisha mwambie, "Mama, nilikosea kusema vile," halafu nyamaza. Usimweleze habari ya kisasa. Akikujibu, "Kamuulize Mzungu wako," mwambie, "Nimemuuliza, mama, amesema nije kwako." Akicheka, umepona. Asipocheka, kachote maji. Akiendelea kununa, kachote mengine. Ulezi ukianza kuota, kazi yako ni kuni na maji. Chungu usikiguse, na ushauri usitoe.

Simioni apande pikipiki leo hii aende Nyangoto. Asijieleze, asiombe radhi ndefu. Aseme maneno mawili, "Mama anapika." Mzee Wangwe ataelewa, aliyaomba mwenyewe kwa mdomo wake. Jenipha naye mwambie afute machozi aanze kupiga pasi nguo. Na huyo Mabula usimtukane. Yeye mpaka sasa hajamnywesha mzee wa watu josho, kwa hiyo amekutangulia.

Bia yako pika, sikukatazi, siyo jambo baya kijana kujua kazi. Ila isubiri mpaka wazee wameshainamia chungu cha mama yako na ng'ombe wametajwa kwa majina na rangi zao. Chupa ya kwanza isiende kwa baba mkwe. Mpe mama yako, na usimwambie kuna nini ndani. Akisema, "Mbona inanukia chungwa?" basi umeweza, mimina na kwa wengine. Akikunja uso, usiniandikie tena. Hivyo vidonge ulisema vinafanana na chakula cha sungura. Tafuta sungura.

Ni mimi, na kicheko hakijaniisha,
Bibi Waisiko