Prodige Hawezi Kujiibia Chukudu Yake

Katoyi, Goma
Jumatatu, 12 Oktoba

Mpendwa Shangazi Annonciata,

Jambo shangazi. Habari za Butembo? Mgongo umepoa? Sisi tuko wazima, ila kaka Prodige amepoteza hamu ya kula.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama: namchukia Papa mudogo Josias. Najua ni ndugu yako wa tumbo moja. Unisamehe, lakini nikilificha hilo, barua nzima itakuwa uongo.

Ujumbe wako wa sauti tuliusikiliza sote. Ulisema, "Mutoto aombe radhi kwa ule wizi, mambo iishe." Kaka yangu alitoka nje bila viatu. Shangazi, wizi upi?

Wewe ulisimuliwa na Papa mudogo tu. Prodige alipolazwa kwa malaria, alimwachia chukudu yake, ile ya mbao ya magurudumu mawili aliyoichonga mwenyewe ya kubebea viazi. Alimwomba aitunze. Papa mudogo akamuuzia Moïse, mchuuzi wa makaa wa Mugunga. Prodige alipopona aliiona barabarani, akamnyang'anya Moïse na kumsukuma, naye akaangukia mawe, mkono ukavimba. Watu wakapiga kelele, "Muizi! Muizi!" Unajua neno hilo linamfanya nini kijana hapa kwetu. Mama mmoja muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, alimficha chini ya meza yake, ndiyo maana yu hai.

Sasa chukudu imefungiwa kwa chef wa quartier, mkuu wa mtaa wetu, na Prodige anatakiwa akubali kwamba aliiba.

Naye Papa mudogo huja kula kwetu, anacheka huku anamega ugali, akimwambia Prodige: "Mi sikuiba kitu. Si ulinipatia na mukono yako? Muizi ni ule wa kunyang'anya batu ku barabara!" Mimi niliangalia sahani.

Nilikwenda maktaba ya parokia kusoma sheria ya makosa. Wizi ni kuchukua kwa hila kitu cha mwingine. Chukudu ni ya Prodige, atajiibiaje? Kosa lake ni kumwumiza mtu. Hilo ni kosa kweli, silikatai. Kilichonikasirisha zaidi ni kwamba Papa mudogo anasema kweli: yeye hakuiba, alipewa. Lakini kuna kosa linaloitwa abus de confiance: umekabidhiwa kitu ukitunze, wewe ukakifanya chako. Lina kifungo. Kumbe maneno anayojitetea nayo ndiyo kosa lenyewe!

Nanyi wakubwa mnataka aliyeonewa ndiye abebe jina la mwizi, ili ukoo usiaibike. Hiyo si amani, shangazi.

Sikungoja ruhusa. Jana baada ya misa nilikwenda Mugunga na Prodige, mimi ambaye sauti hunikauka hata nikitumwa mkate. Prodige aliomba radhi kwa ule mkono. Kwa wizi hakuomba. Moïse akanitazama: "We mutoto, kama huyu si muizi, nani alinidanganya basi?" Nikamtajia Josias, papa mudogo wetu. Akasema hajui anakokaa. Nikampeleka mpaka mlangoni, nikabisha mwenyewe.

Nisalimie Bibi, Kahindo na mtoto wake. Mungu akulinde, aunyooshe na mgongo wako.

Wako akupendaye, hata leo,
Charline